Kwangu Hapimiwi Mtu

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, baba yangu aliteleza kwenye ubao wa meli pale bandarini akiwa na gunia la chumvi mgongoni, na hakuinuka tena. Mama alikwisha kufa akimzaa mdogo wetu wa mwisho. Shida ikaanzia hapo. Shangazi, dada yake baba, akashuka kutoka mtaa wa Musaga, kule mlimani, akafunga vitu vyetu vyote ndani ya shuka moja, akatupandisha kwake kwa miguu, mimi na wadogo zangu wawili. Kule kwake walikuwa wanamngoja watoto watano wa tumbo lake. Mume alikuwa amevuka kwenda Kongo kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta.

Jioni ile ile nikaliona kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, picha ya nje imechubuka, mdomo wake umepigwa nyundo usimkate mtu. Shangazi alichota maharage, akalijaza, akapitisha mgongo wa kisu juu ili kilichozidi kirudi sufuriani, akamwaga kwenye sahani ya wa kwanza. Akachota tena, akapitisha kisu, akamwaga. Hivyo hivyo mpaka wa nane. Kwa baba tulikula sahani moja kubwa, na mwenye mkono wa mbio ndiye aliyeshiba. Mkono wangu ulikuwa na mbio. Nikamwambia nataka nyongeza.

"Kopo ni moja," akasema.

"Mbona kwenye sufuria kumebaki?"

"Yenye kubaki iko na mwenyewe. Kula, we mutoto, maneno haijazi tumbo."

Sikumsamehe. Wengine wanaandika kwamba walimpenda sana aliyewalea. Mi naandika ilivyokuwa. Kila jioni nilikitazama kile kisu kinavyopita juu ya kopo, nikaona kinanikata mimi. Kabla ndevu hazijaota nilikwisha kula kiapo: siku nitakapokuwa na changu, hakuna mtu atakayepimiwa.

Shule niliiacha darasa la tatu, nikashuka bandarini. Nilianza kwa kubebea wamama beseni za ndagala, dagaa wa ziwani, halafu magunia, halafu nikawa na mkokoteni wangu. Mkokoteni ukazaa meza ya kuuza kaseti za muziki, meza ikazaa kibanda cha kupiga picha, kibanda kikazaa duka la kutengeneza filamu za harusi na za misiba. Hakuna aliyenishika mkono. Herufi nazijua kwa kuzisoma kwenye mabango ya duka langu mwenyewe.

Na kiapo nilikishika. Dukani kwangu, saa ya mchana, sufuria inawekwa katikati na kila mfanyakazi anajipakulia. Wapita njia wananijua kwa neno moja: kwangu hapimiwi mtu. Waliniita hivyo hata kwa utani. "Mupishe muzee wa sufuria wazi!" Mi nilitembea kifua mbele.

Mashine kubwa, kompyuta ya kutengenezea hizo filamu, niliinunua mbali, ikaja kwa meli kutoka Kigoma, ikashushwa bandari ile ile alikoanguka baba. Vijana wa kubeba walitaka kuichukua, nikawafukuza. Niliibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, na mvi zangu kichwani. Nilitaka ule ubao unione.

Fundi wangu wa mashine ni mwanamke wa mtaa wa Kinanira, mama wa watoto wawili, amesoma hayo mambo na mdomo hana wa kuazima. Siku ya kwanza alipoiwasha akapiga mluzi.

"Muzee, hii ni ng'ombe, siyo mashini."

"Basi ifanye kazi zote pamoja," nikasema. "Kukata filamu, kuchapisha picha, barua za watu, kamera za mlangoni. Zote."

"Zote inaweza. Lakini lazima kila kazi tuiwekee kikomo chake."

Akanieleza, na mi nikasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Akasema ndani ya mashine kuna memwari, ambayo ni kama meza. Kila kazi inatandaza vitu vyake juu ya hiyo meza. Mashine yenyewe haina haya wala huruma: kazi ikiomba nafasi inapewa, ikiomba tena inapewa tena, mpaka meza inajaa. Hapo kazi zote zinakwama, ama mashine inachagua moja na kuiua ili nyingine zipumue. Lakini mfumo wake unaruhusu kuzigawa kazi katika makundi, na kila kundi ukaliambia: wewe usivuke hapa. Na kundi lingine ukaliambia: wewe, hata wengine wafanye fujo namna gani, kiasi hiki ni chako, hakiguswi.

"Yaani unazipimia," nikasema.

"Eh. Nazipimia."

"Apana. Kwangu hapimiwi mtu."

"Muzee, hii siyo mutu!"

"Hata kama. Mi sikununua mashine kubwa nije kuifunga mikono."

Akacheka, akaniacha. Na kwa miezi mingi mashine ilikuwa kubwa kweli, hakuna kazi iliyolia njaa. Nikamwambia kila siku, unaona? Unaona? Alikuwa anajibu, "Naona, Muzee, naona," kwa sauti ile wanawake wanayotumia kumnyamazisha mtoto.

Shangazi alifariki mwaka jana, mzee sana. Mi nilitoa jeneza na gari, sikutoa machozi. Kwetu, baada ya mazishi familia hungoja, halafu inaita watu tena siku moja kuondoa matanga, kuganduka wenyewe tunasema, waliokuja kulia nao waje kushukuriwa, na marehemu azungumziwe kwa mara ya mwisho. Siku hizi watu wanatundika shuka nyeupe na kuonyesha filamu yake. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha.

Binti wa shangazi, ambaye kwangu ni dada, akaja dukani wiki ile kabla ya siku yenyewe. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki, na ndani yake kanda ya video ya zamani, zile nene kama tofali. Ilikuwa ya harusi yake, mwanzo wa miaka ya tisini. Baadaye zikaja risasi, watu wakahama, deki ikaibiwa, kanda ikabaki ndani ya sanduku la nguo.

"Kaka," akaniambia, "hapa ndani mama anaongea. Ile asubuhi ya kunitoa nyumbani, alinikalisha chini akanipa maneno ya mwisho. Mi nililia tu, sikusikia hata moja. Nimekaa miaka yote hii nikijiambia, siku moja nitayasikia. Sauti yake haiko pengine popote. Simu alikuwa anaikataa, unamujua."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, amefika kwa mwenye mashine.

Fundi aliifungua ile kanda, akakuta ukungu umeingia. Aliisafisha kwa pamba, akaikausha pole pole. Akaniambia wazi mbele ya dada: itapita mara moja, labda. Mara ya pili asitegemee mtu. Na wakati inapita kwenye deki, mashine lazima iwe inaipokea bila kukosa hata kidogo, kwa sababu kanda haijui kungoja. Filamu ya kawaida ukiipunguzia nguvu inachelewa tu. Kanda inakwenda mwendo wake, uwe tayari usiwe tayari. Dada akaitikia kwa kichwa, akaiacha, akarudi Musaga.

Siku ya kuipitisha ilikuwa Alhamisi mchana, kwa sababu Ijumaa ilikuwa ya kuiunga filamu ya shangazi, na kuganduka kwenyewe ni Jumamosi. Mashine ilikuwa inapika harusi ya mteja mmoja wa mbali, filamu ndefu, watu wengi, mapambo kila kona. Mteja alikuwa amekaa pale kwenye benchi. Kwa vile mafuta ya gari yamekuwa shida mjini, alikuwa amesimama foleni ya basi tangu alfajiri, na mi nilikwisha kumwambia ataondoka na harusi yake jioni ile ile. Neno langu.

Fundi akageuka kwenye kiti.

"Muzee, hii ndoa inakula memwari karibu yote. Niache niiwekee kikomo. Nusu tu. Nusu ingine ibakie ya kanda ya mama."

"Ndoa itaisha saa ngapi?"

"Kesho asubuhi."

Mteja akainua macho. Mi nikaona anavyonitazama, nikaona na wafanyakazi wanavyonitazama, na neno likatoka lenyewe kama lilivyotoka miaka yote.

"Apana. Hapimiwi mtu hapa. Mashine ni kubwa, zinatosha zote mbili."

"Muzee, haifungwi mikono. Inaonyeshwa tu sahani yake."

"Nimesema zinatosha."

Akavaa glavu zake nyeupe, akaingiza kanda.

Nilimwona shangazi. Niandike hivyo kwanza. Alitokea kwenye kioo cha mashine, amevaa vitenge vipya, shingo yake ndefu, amekaa kwenye mkeka, na dada mbele yake amefunikwa shela analia. Shangazi akakohoa, akafungua mdomo. "Mutoto wangu," akasema, "mi nakuambia hivi..." Na kioo kikasimama.

Mdomo ulibaki wazi. Sauti ikakatika, ikatoa mlio kama wa mtu anayekohoa ndani ya mtungi, ikakatika tena. Harusi ya yule mteja ilikuwa imefika mahali pa mapambo mengi ikaomba meza yote, na mashine ikaipa. Fundi akagonga kibodi, hakuna kitu. Mshale wa kioo haukusogea. Lakini deki ilikuwa inazunguka. Deki haikujua kwamba mashine imekwama. Kule ndani shangazi alikuwa anaendelea kusema maneno yake, na hakukuwa na mtu wa kuyapokea.

"Deki, Muzee! Simamisha deki!"

Mi ndiye niliyekuwa karibu nayo. Na sikunyoosha mkono. Nilisimama nikiingoja mashine. Nilikuwa nina hakika itajikakamua, itakimbia, itafika, kwa sababu ni kubwa, kwa sababu niliibeba mwenyewe. Fundi alikuwa anapiga kelele na mi nilikuwa nina hakika. Nilipobonyeza, ilikuwa kama kubonyeza mkono wa maiti: ukungu uliobaki ulikwisha kuinasa kanda kwenye kichwa cha deki, na ilipotoka ilitoka imekunjamana kama tambi.

Fundi aliinyoosha ile kanda kwa vidole, kipande kwa kipande, machozi yanamdondoka juu ya glavu, na hakuniambia "nilikuambia." Ningependa angesema. Mteja wa harusi ndiye aliyeuliza, kwa adabu kabisa, kama kazi yake imepona. Haikupona. Mashine ilikuwa imeiua ili yenyewe ipumue.

Tulichobaki nacho cha shangazi ni picha kadhaa zilizosimama, na maneno yale machache ya kwanza. Mutoto wangu, mi nakuambia hivi.

Nilipanda Musaga kwa miguu. Gari langu lilikuwa kavu, na mabasi yalikuwa na foleni ndefu, na nadhani hata kama yasingekuwa na foleni ningetembea. Ile njia niliipanda utoto wangu wote nikitoka bandarini. Na katika kupanda nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukipa nafasi. Nilikuwa narudi jioni sana, kuliko wote, watoto wenzangu wamekwisha kula. Na kila nilipofika, sahani yangu ilikuwa palepale karibu na mafiga, imefunikwa kwa sahani nyingine, jiwe juu. Kopo zima, limepitishwa kisu. Watoto saba wenye njaa walikaa nayo chumba kimoja. Mi nilikula nikiwa nimekasirika kwamba ni kopo moja. Kwa nini lilikuwepo, sikuuliza.

Dada alikuwa anapembua mchele mlangoni kwake.

"Eh, tajiri kwa miguu! Gari liko wapi leo?"

"Gari linakunywa nini?"

Akacheka, akanisogezea kigoda. Mi sikukaa. Nikamwambia yote, tangu fundi alivyosema mpaka deki. Sikupunguza. Aliendelea kupembua kwa muda, halafu mikono ikasimama.

"Kwa hiyo mama haongei."

"Anasema, mutoto wangu, mi nakuambia hivi. Halafu basi."

"Halafu basi," akarudia. Alitazama ndani ya ungo kana kwamba maneno mengine yangekuwa yamechanganyika na mchele. Mi nikangoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilipanda mlima wote nikijiandaa. Badala yake akainua uso, na uso ulikuwa na matumaini, na hilo ndilo lililonivunja.

"Lakini kaka, we ulikuwepo! Ulisimama karibu ya mulango, mi nakukumbuka, na suti. We haukulia. We ulimusikia. Jumamosi utasimama utuambie alisema nini."

Nikasema, "Sawa."

Sikuwa nimesikia. Asubuhi ile ya harusi nilikuwa nimekuja na magunia mawili ya mchele, mi mwenyewe, jasho langu, ili siku hiyo nyumba ile ijue kushiba. Nikafika mlangoni na suti yangu, na kabla ya shangazi kukaa kwenye mkeka nilimwona uani akiwagawia watoto wa jirani wali. Kwa kopo. Lile lile. Akapitisha na kisu. Magunia mawili, na bado anapima! Nilisimama pale mlangoni damu inachemka, nikamwona anakaa chini, nikamsikia akikohoa kusafisha koo, nikageuka nikaondoka zangu. Nilitaka anione ninaondoka.

Usiku wa Ijumaa sikulala vizuri, lakini kazi niliifanya. Nilitengeneza hotuba. Mi nimekata filamu za harusi nyingi, najua akina mama wanasema nini. Muheshimu bwana yako. Ya ndani isitoke nje. Jirani akiomba chumvi, mpe. Niliyapanga vizuri, nikayasema mbele ya kioo cha kujitazamia, na kwa mdomo wangu yalikuwa mazuri. Nani angejua? Aliyeyasema yuko udongoni, aliyeambiwa alikuwa analia.

Jumamosi turubai lilijaa. Viti vya kukodi, makasha ya vinywaji, padri amekwisha kusali. Shuka nyeupe walikuwa wameitundika kabla ya kujua, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa, kwa hiyo nilisimama mbele yake. Dada alikaa mstari wa kwanza na binti zake. Alikuwa ameishika leso yake tayari na amejiinamisha mbele kidogo, kama mtu anayekinga maji.

Nikasema, "Asubuhi ile shangazi alimwambia binti yake, mutoto wangu, mi nakuambia hivi."

Na yale mazuri yangu yakafika kwenye ulimi, na hayakutoka. Nilikuwa nimekwisha kumpokonya dada sauti ya mama yake. Kumpa sauti yangu avae kama ya mama yake, hapana, hiyo ilinishinda.

"Maneno mengine sikuyasikia," nikasema. "Nilitoka nje. Niliona anapimia watoto wali wangu kwa kopo, nikakasirika, nikaenda zangu. Na kanda mmesikia imeharibika. Imeharibika kwa sababu nilikataa kupima. Mi ndiye. Sina lingine."

Nikabaki nimesimama. Bibi mmoja mzee, jirani wa miaka yote, akasema kwa sauti, "Ahaa, na ile suti yake!" na wachache wakacheka. Dada hakucheka. Alikunja leso ikawa ndogo sana. Halafu akasema, si kwa hasira, kama mtu anayetoa habari tu:

"Alikuwekea."

"Nini?"

"Ile siku. Kopo yako. Alifunika na sahani, akaweka jiwe. Watu waliimaliza muchele yote, wengine wakakosa, akina wajomba wakaomba ile sahani, akakataa. Akasema iko na mwenyewe, anarudi jioni."

"Na nani aliila?"

"Hakuna. Asubuhi yake akapea kuku."

Yule bibi akasema, "Basi leo amerudi, mupakulieni!" na turubai zima likacheka, na hata padri. Mi nilikwenda kukaa. Dada alileta sahani mwenyewe, na wali wake ulikuwa sawasawa juu, hauna mlima. Nilikula wote. Hatujazungumza tena juu ya kanda. Anakuja dukani, ananisalimu vizuri, anauliza hali ya mashine. Lakini akifika mbele ya kioo cha mashine anageuza uso upande mwingine mpaka atoke.

Jumatatu nilimwambia fundi aweke vikomo. Hakucheka. Alikaa asubuhi nzima, kila kazi akaipa kundi lake, na akaniuliza ipi haitaguswa kabisa. Nikamwambia ile inayopokea kanda. Akasema, Muzee, siku hizi hakuna anayeleta kanda. Nikamwambia aiwekee hivyo hivyo.

Leo nina nyumba ya matofali Musaga, na kiwanja kimoja kisichojengwa. Nina duka, na ndani yake mashine moja kubwa, kila kazi na kikomo chake. Nina deki ya video, nzima. Nina gari lisilo na mafuta. Nina jenereta. Nina suti mbili. Nina kanda moja iliyokunjamana ndani ya mfuko wa plastiki, na picha kadhaa za mwanamke aliyefungua mdomo.

Kopo si langu. Liko kwa dada, naye bado analitumia.